Askari wa Mji wa Mimba

AURELIA: Haloo, bweni la wasichana. Nani mwenzangu?

KASIANA: Mimi dada yako, Kasiana. Nipo kibanda cha simu, Mjimwema.

AURELIA: Dada! Shikamoo. Songea hamjambo? Mimba inaendeleaje?

KASIANA: Marahaba...

AURELIA: Dada?

KASIANA: Damu imeanza. Tangu asubuhi.

AURELIA: Mungu wangu. Wiki ya nane hii?

KASIANA: Ya nane. Kama ile ya kwanza iliyotoka, kama ile ya —

AURELIA: Shemeji Beda yuko wapi?

KASIANA: Namtumbo, anakausha tumbaku. Hajui. Sikiliza, wewe unasomea udaktari. Kuna dispensari ya binafsi imefunguliwa huku, tabibu wake kasema damu yangu ina askari, wanaitwa wauaji. Ati wamejaa kwenye mji wa mimba, wanamwona mtoto mgeni, wanamla.

AURELIA: Kakwambia hivyo?

KASIANA: Mbele ya mama mkwe! Sasa mtaa mzima unasema, Kasiana anakula wanawe.

AURELIA: Unakatika — haloo?

KASIANA: Nasema, ni mimi ninayewaua?

AURELIA: Hapana! Askari wapo kweli, ni chembe za kinga ya mwili, kila mwenye mimba changa anao, tele. Jina lao tu ndilo baya. Kule wanapanua mishipa, damu imfikie mtoto. Ni walezi, dada.

KASIANA: Walezi gani wanaomwachia akaanguka?

AURELIA: Hapo, dada...

KASIANA: Aurelia?

AURELIA: Sijui. Nimemuuliza mwalimu wangu, naye hajui. Vitabu vinaishia hapo.

KASIANA: Hata dawa ya kuagiza nje —

AURELIA: Hakuna. Natafuta tangu yule wa pili alipotoka. Nenda hospitali sasa hivi, wakupime. Wengine hutoka damu na mimba ikakaa.

KASIANA: Tumbo linakata, mdogo wangu. Nalijua hili.

AURELIA: Uko na nani?

KASIANA: Peke yangu. Mama mkwe kasema ana mahindi ya kupukuchua.

AURELIA: Mwite Hilda, jirani yako. Akusindikize, usitembee mwenyewe!

KASIANA: Huyo Hilda namwona anakuja, kavua khanga yake anifunge kiunoni, damu isionekane... Aurelia, Beda akirudi Jumapili nimwambieje?

AURELIA: Mwambie... [mikwaruzo] mwambie —

KASIANA: Kadi ya simu inalia, inaisha. Haya, kwaheri. Soma sana, mdogo wangu. Soma —

AURELIA: Dada? Haloo? Dada Kasiana!