Kaa la Moto Kutoka kwa Nyabenda

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mvua hii inayopiga paa letu la nyasi isininyamazishe, maana ushuhuda wangu nao ni wa siku ya mvua.

Mnanijua. Mimi ni Maria, binti wa marehemu mvuvi, naishi na mama yangu kwenye michikichi ya upande wa Kigwena. Sisi tulikulia kwenye desturi ya kuombana moto. Asubuhi ukikuta majivu yako yamepoa, unachukua kigae, unabisha hodi kwa jirani, unapewa kaa na habari za nyumbani juu yake. Hakuna aliyenyimwa, hata kama jana mligombana.

Siku hizi, jamani! Tangu boma la Wadachi lianze kugawa vyeo, mtu akipewa kofia nyekundu tu, shingo haigeuki tena. Mkewe akivaa nguo mpya, anangoja aamkiwe na wanawake waliomlea! Nasema wazi, inaniudhi.

Mvua kubwa zilipoanza, mama yangu alishikwa na homa. Akawa analala tu mchana kutwa. Watu wakasema ni malale, ule ugonjwa wa usingizi unaomaliza watu wa pwani yetu ya ziwa. Kisha paa likavuja, moto wetu ukazimika. Hakuna uji, hakuna maji ya moto, na mikono ya mama imekuwa baridi. Nikatoka na kigae changu.

Nyumba ya kwanza walivuta mlango. Ya pili hawakuitika, na moshi nauona! Nikaenda kwa nyampara wetu. Mkewe, niliyecheza naye utotoni, akanizuia mlangoni.

"Usikaribie! Moto wangu hauingie mu nyumba ya malale. Nenda ukaombe kwa Batwa wenzako."

Alidhani ananitukana, kunihesabu na Batwa, watu ambao sisi tunawatenga. Nililia, nikasema, Bwana, mama yangu atakufa kwa kukosa kaa moja? Halafu nikaenda huko huko alikonifukuzia!

Nyuma ya vichaka anaishi Nyabenda, mwanamke Mutwa, mfinyanzi. Vyungu vyake viko majikoni mwenu nyote, lakini nani kati yetu alikuwa amewahi kunywa naye chombo kimoja? Aliniona nimelowa, na kigae mkononi. Akachota makaa kibandani mwake, akayafunika, akayabeba mwenyewe hadi kwetu. Akawasha, akapika uji, akamwegemeza mama kifuani pake mpaka akanywa.

Mama alipopata nguvu kidogo, nikamtengea Nyabenda chombo chake pembeni, kama tunavyowafanyia watu wake. Mama akanikemea.

"Wee mutoto! Kibuyu changu iko hapo. Mupe anywe humo."

Nyabenda alikipokea kwa mikono miwili. "Murakoze, mama," akashukuru, akanywa huku machozi yanamtoka. Mama akanywa baada yake.

Ndugu zangu, haikuwa malale! Homa ilitoka, na mama yangu yule pale ameketi, anatabasamu. Mimi nilikuwa nimeapa kwamba watu wa nyampara hawatapata moto kwangu milele. Bwana amening'oa kiapo hicho. Waje na kigae chao, hata na kofia yao, makaa yapo.

Lakini sijamaliza. Nyabenda naye amekuja kusali leo. Mwangalieni alipoketi: mlangoni, mvua inamrushia, na humu ndani mikeka ina nafasi. Nani alimweka pale?

Mama Nyabenda, njoo hapa mbele, karibu yangu.

Kibuyu hiki ni kile kile cha mama, nimekijaza maji. Namshukuru Bwana aliyetuletea moto kwa mikono hii. Mnaosema mnamtumaini, mtumainini leo, msiogope mdomo wa mwenzenu. Kunywa wewe kwanza, mama.

Mimi nakunywa baada yake. Mmeona? Na sitaketi mpaka kibuyu kizunguke nyumba nzima.

Nani anafuata?