Taisto Moilanen, Aliyeinyamazisha Mashine

Tarehe 31 Machi Taisto Moilanen anastaafu baada ya kuutumikia Mtambo wa Joto wa Hirvilahti kwa miaka thelathini na minne. Alikuja kijana mwenye ndevu nyekundu na sweta iliyotoboka viwiko. Anaondoka na sweta ileile. Ndevu ndizo zilizopungua. Mhariri wa jarida hili ameniomba niandike kwa uchangamfu, nami nitajaribu, ila nikimfikiria Taisto kinachonijia kwanza ni asubuhi moja ya Januari ambayo hadi leo sijaisahau.

Aliajiriwa kuhudumia kompyuta kuu, ile inayoziamuru pampu zisukume maji ya moto chini ya barabara hadi kwenye nyumba, shule na makao ya wazee. Enzi hizo mfumo endeshi wake haukuwa na picha hata moja. Ilikuwa skrini nyeusi na kistari kinachopepesa kikingoja uandike amri, na ukikosea herufi hupati kitu. Taisto aliupenda. Waendeshaji waliuogopa. Hilkka Kemppainen, aliyekaa kwenye kiti cha mwendeshaji muda mrefu kuliko mtu yeyote, alizikariri amri zile kama mtoto wa shule na kuzipiga bila kujua nusu yake zina maana gani.

Kisha mkurugenzi wetu, Antero Leppävuori, akarudi kutoka maonyesho ya biashara huko kusini akiwa kapendezwa kupita kiasi. Mfumo mpya ulikuwa na madirisha, picha za rangi na vitufe vya kubofya. Alituonyesha kwenye chumba cha kahawa.

“Hata bibi yangu angeuweza huu,” akasema.

“Bibi yako hapashi joto mji mzima,” akajibu Taisto.

Tulicheka sote isipokuwa Antero. Wapo waliodhani Taisto anaung'ang'ania ugumu ili aendelee kuonekana wa maana. Walimkosea. Hoja yake ilikuwa kwamba mfumo rahisi haukuipunguza kazi, uliificha tu, na siku ikijitokeza hakuna atakayeitambua sura. Alishindwa. Akausakinisha mfumo mpya kwa mikono yake, vizuri kama kila alichowahi kufanya, na alipomaliza akamuuliza Hilkka kama unafaa.

“Unafaa,” akasema Hilkka.

Taisto akaridhika, akarudi ofisini kwake. Hapo ndipo alipoteleza, na yeyote kati yetu angeteleza vilevile, maana huku kwetu hata aliyevunjika mguu ukimuuliza hali atakwambia si mbaya sana.

Ukweli ni kwamba mfumo ule ulikuwa unamtesa Hilkka. Ulikuwa na adabu ya kukera. Ukifunga dirisha unakuuliza: Una uhakika? Ukifungua ripoti: Una uhakika? Ukitaka kuchapisha karatasi moja tu, una uhakika? Hilkka akazoea kubofya Ndiyo kabla macho hayajalifikia swali. Pembe ya chini ya skrini, ambako matangazo madogo yalikuwa yakichomoza siku nzima, alibandika plasta ya kidonda. Hakumwambia mtu.

Asubuhi ile ya Januari nje kulikuwa na baridi ya nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri. Tulikuwa kwenye kahawa ya saa tatu, Hilkka amebaki zamu peke yake. Mfumo ukataka kujisasisha, jambo ambalo lingeilazimu kompyuta kuzima na kuwaka upya. Ukauliza kama kuna uhakika. Hilkka akabofya Ndiyo.

Kompyuta ikazima. Pampu zilikuwa zimepangwa kusimama zikipoteza mawasiliano nayo, basi zikasimama zote. Skrini ilipowaka tena haikuwa na ramani ya mabomba. Ilikuwa na rangi ya samawati, kiduara kinachozunguka na maneno: Karibu tena, tunakuandalia mambo mazuri. Hakukuwa na kitufe. Hakukuwa na pa kuuliza. Chumba cha kahawa kilikuwa mlango wa pili tu, lakini Hilkka hakuja. Wenzake walikuwa kwenye mapumziko, na mapumziko ya mtu hayakatizwi. Akakaa mikono mapajani, akitazama kile kiduara, akimngoja Taisto amalize kikombe chake.

Mimi ndiye fundi wa pampu na sikutambua lolote. Taisto ndiye aliyeweka kikombe mezani akasema, “Sakafu haitetemeki.”

Tulikimbia. Bomba la mji likiganda mwezi huo ni la kuchimbuliwa, na huanza kuganda kule mwisho wa mtandao, ambako ndiko yaliko makao ya wazee. Simu yao ilikuwa tayari inaita. Muuguzi alisema radieta za vyumbani zimepoa, wanawakusanya wazee ukumbini na kuwafunika mablanketi, na je, itachukua muda gani? Nilishuka kuziwasha pampu kwa mkono, zikakataa, zinangoja ruhusa ya kompyuta. Nilipopanda tena, Taisto alikuwa ameinamia kibodi akijaribu kila njia anayoijua ya kupenya nyuma ya ile picha.

“Kinazunguka tu,” akasema. “Hakisemi kinafanya nini wala kimefika wapi.”

“Fanya kitu basi,” akasema Antero.

“Ninafanya. Wewe toka kwenye mwanga.”

Hilkka alisimama ukutani, uso umemtoka rangi. Simu ikaita tena na hakuna aliyeipokea. Sijui tulisimama hivyo kwa muda gani. Najua jasho lilinitiririka mgongoni katika jengo lililokuwa linapoa. Mwishowe samawati ikatoweka na skrini ikawa nyeusi, na ndani ya weusi ule kikatokea kistari cha zamani, kinapepesa. Taisto akashusha pumzi. Akaandika amri, akaisoma, akaisoma tena, akabonyeza. Chini yetu pampu ya kwanza ikakohoa, ikashika. Kisha ya pili. Bomba moja la shule lilipasuka, lakini wazee walikula chakula cha mchana vyumbani mwao.

Nilidhani yamekwisha. Jumatatu tukaitwa kikaoni. Ripoti ya Antero ilisema sababu ni uzembe wa mwendeshaji, na ikapendekeza Hilkka aachishwe kazi. Hirvilahti haina mwajiri mwingine wa mtu wa umri wake. Alikuwa amekaa mwisho wa meza, koti mapajani, kama mtu aliyekwisha kuaga. Mikate ya iliki ilikuwa mezani na hakuna aliyeigusa, jambo ambalo sijaliona tena tangu siku hiyo.

“Hilkka, una la kusema?” akauliza Antero.

Hilkka akatikisa kichwa.

“Mimi ninalo,” akasema Taisto. “Nilimuuliza kama mfumo unafaa, akasema unafaa, nami nikaenda zangu. Kuna mtu humu amewahi kumsikia Hilkka akisema kitu hakifai?”

Antero akapekua ripoti yake.

“Mashine inamuuliza maswali ya kipuuzi kutwa nzima, halafu moja la kweli inalivika nguo zilezile. Tulimfundisha kubofya Ndiyo, akafundishika. Kama huo ni uzembe, andika na jina langu.”

“Unajua cheo cha mkuu wa ufundi kinajadiliwa wiki hii,” akasema Antero.

“Najua. Andika.”

Antero hakuandika. Alikunja ripoti, Hilkka akabaki kazini, na cheo kikaenda kwa mtu mwingine kutoka nje. Taisto hakulizungumzia kamwe. Mimi lilinikera, na bado linanikera.

Kuanzia siku iliyofuata alihamishia kiti chake nyuma ya kiti cha Hilkka. Majira yote yale ya baridi alikaa hapo, amejipiga marufuku kuuliza lolote. Alitazama mikono ya Hilkka. Aliona anapoguna, anaposita, anapobofya huku akitazama dirishani. Alipoiona ile plasta masikio yalimwiva. Kisha akaanza kufyeka maswali, moja baada ya jingine, hadi yakabaki machache yenye uzito, na hayo akayaandika kwa lugha ya watu: Ukibonyeza hapa, pampu zote zitasimama. Na ile skrini nyeusi hakuizika. Aliiweka mahali pa kufikika, akamlazimu kila mwendeshaji ajifunze kuziwasha pampu kutoka huko, aelewe kila amri inafanya nini. Walimnunia. Aliwahi pia kupitiliza: aliondoa kipimo cha shinikizo akiona hakitazamwi, tukashinda siku nzima tunaendesha mji kwa kubahatisha. Alikirudisha huku anajitukana mwenyewe kwa sauti.

Ijumaa iliyopita tulimwandalia kahawa ya kuagana. Antero, ambaye ameshastaafu, alikuja na kusoma hotuba nzuri kuliko tulivyotarajia, akampa mkono muda mrefu. Kisha mwenyekiti wa shughuli akauliza, kama inavyoulizwa siku zote, kama kuna mwingine mwenye neno. Huwa hakuna. Tulikuwa tumeshashika vijiko.

Hilkka akasimama. Katika miaka yote hiyo sijawahi kumwona amesimama mbele ya watu. Alikuwa mwekundu hadi shingoni.

“Taisto,” akasema, “maandishi ya lile onyo la pampu ni madogo mno. Sijawahi kuyasoma bila kusogea. Yananiudhi.”

Taisto alimtazama, akaweka sahani yake ya keki mezani, na macho yake, nayasema haya ajue tuliyaona, yalikuwa yamelowa.

“Kuna lingine?” akauliza.

“Yapo,” akasema Hilkka.

Wakaondoka pamoja kwenda chumba cha uendeshaji, na hawakurudi. Keki tuliimaliza bila mgeni wa heshima.

Taisto, tunakushukuru kwa miaka yote uliyotupa. Nenda ukapumzike kando ya ziwa lako; afya iwe nawe, na maisha yakuendee vyema.

Pasi Karppinen, fundi wa pampu