Uzi wa Kwanza ni Upi?

Mheshimiwa Mwenyekiti wa shughuli yetu. Mkuu wa Shule, uliyetuazima ukumbi huu hadi saa kumi kamili. Mzee wetu, mume wa Mama Fundi, pamoja na watoto wenu. Ndugu wageni waalikwa. Na nyinyi wenzangu wa kundi la gitaa, ambao wengi wenu leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuwaona mkiwa na miguu: habari za mchana.

Naomba mniwie radhi kwa kusoma. Mimi ni mtunza stoo ya vipuri, na mtu wa stoo haamini kitu ambacho hakijaandikwa. Nina shajara yangu hapa, kila siku na tarehe yake, na yote nitakayosema yamo humu. Atakayebisha aje tufungue ukurasa.

Tarehe sita Januari ya mwaka jana nimeandika: "Nimenunua gitaa. Mke wangu ameuliza litakaa wapi." Nilikuwa na miaka hamsini na mitatu, na sikuwahi kushika chombo chochote cha muziki isipokuwa filimbi ya mwalimu wa michezo, tena kwa bahati mbaya. Tarehe tisa, dada mmoja muuguzi aliyekuja stoo kufuata magurudumu ya kitanda aliliona gitaa nyuma ya mlango, akaniuliza, "Baba, hili nani anapiga?" Nikamwambia hakuna anayepiga, linaegemea tu. Akacheka, akachukua namba yangu, na kabla ya saa saba mchana nilikuwa nimeingizwa katika kundi la simu lenye watu arobaini na mmoja.

Wageni wetu labda hamjui kundi lile linaendeshwaje. Mama Fundi, ambaye kazi yake ni kushona nguo na ambaye gitaa alifundishwa na baba yake akiwa binti, hutoa somo kwa sauti kila Jumatatu. Alhamisi kila mmoja anatuma rekodi ya alichojifunza, dakika moja tu. Na anayejibu ana sharti: aseme kitu kimoja kilichokwenda vizuri, kitu kimoja cha kurekebisha, kisha amalizie kwa maneno mawili, "Tuma tena." Hakuna kusema mbaya. Hakuna kusema umeshindwa. Ni tuma tena, basi.

Je, ni rahisi kumtafutia jambo zuri mtu asiyejua kitu? Waulizeni walionisikiliza mimi. Dereva wa kreni, yule pale mwenye shati la bluu, aliniandikia Alhamisi ya kwanza: "Baba Stoo, inasikika kama sufuria zimeanguka, lakini zimeanguka kwa mpangilio. Punguza mwendo. Tuma tena." Nilimsomea mke wangu. Akasema, "Huyo mtu ana moyo mzuri. Mimi nilisikia sufuria tu." Mke wangu huyu ndiye ambaye siku nyingine, nikiwa sebuleni nalalamika kwamba kodi imenishinda, alitoka jikoni ameshika kijiko akauliza, "Kwani mwenye nyumba kasemaje?" Nikamweleza kwamba kodi ni zile sauti kadhaa za gitaa zinazopigwa kwa pamoja. Akasema bora angekuwa mwenye nyumba, angalau huwa anaondoka.

Sasa niwaambie aibu yangu, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini nimesimama hapa.

Kwa wiki saba nilituma sauti peke yake. Niliona haya kuonyesha mikono. Nilifuata maelekezo neno kwa neno: uzi wa pili, chuma cha kwanza cha shingo ya gitaa, uzi wa nne, chuma cha pili. Nilibonyeza hadi ncha za vidole zikawa ngumu kama kisigino. Na kila nilichopiga kilitoka kama ugomvi. Tarehe ishirini na saba Februari nimeandika: "Nadhani sina sikio. Nitamaliza wiki hii, kisha nitaliuza."

Kesho yake Mama Fundi akaandika, "Baba Stoo, safari hii tuone mikono." Nikatuma. Nikahesabu dakika kumi na moja. Kisha simu ikalia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia sauti yake ikiongea nami peke yangu.

"Baba Stoo, uzi wa kwanza ni upi?"

"Wa juu, Mama."

"Juu wapi?"

"Juu, karibu na kidevu. Ule mnene."

Akavuta pumzi. "Nani alikwambia?"

"Hakuna, Mama. Stooni tunahesabu rafu kuanzia juu."

Ndugu wageni, kwa wapiga gitaa uzi wa kwanza ni ule mwembamba wa chini. Wiki saba nzima nilikuwa napiga kila kodi kichwa chini miguu juu, kwa uaminifu mkubwa, bila kukosa hata siku moja.

Mama huyu angeweza kunicheka, na angekuwa na haki. Angeweza kupeleka kundini kichekesho kile, watu wakala nacho mwezi mzima. Alifanya nini? Aliandika hivi, nimenakili: "Wanangu, nimekosea. Nimekuwa nikisema uzi wa kwanza, uzi wa pili, bila kueleza tunaanzia wapi. Kuanzia leo tutasema uzi mwembamba na uzi mnene. Samahanini." Hakunitaja. Jioni ile watu watatu walimwandikia pembeni kwamba na wao walikuwa wanaanzia juu, na walikuwa karibu kuacha. Watatu hao wamo humu ukumbini. Siwataji, ila mmoja wao ana shati la bluu.

Basi sikuuza gitaa. Mwezi wa tano nilipiga wimbo mzima. Mwezi wa nane mke wangu alianza kuimba jikoni bila kujua kwamba anaimba, nami sikumwambia, ili asiache.

Tarehe mbili mwezi huu Mama Fundi alituandikia: "Wanangu, vidole vyangu vimekaza. Daktari amesema sindano ya kushonea niipunguze, na gitaa niliache kabisa. Mwalimu asiyeweza kuonyesha anafundisha nini? Jumamosi ya tarehe kumi na sita tukutane tuagane vizuri. Jioni yake nitalifunga kundi." Wengi tulijibu kwa kumwombea afya. Mimi niliombwa niandae maneno ya kuaga. Nimeandika kurasa tatu za kuaga, nzuri tu, na zote nimezichana, kwa sababu nilipofungua shajara kutafuta mifano nilikuta hesabu nyingine.

Mama, tangu Januari ile umenirekebisha mara mia moja na kumi na mbili. Nimezipitia zote, moja moja, kwa kalamu nyekundu. Mara tisa ulishika gitaa ukanionyesha. Tisa. Mara mia moja na tatu ulisikiliza tu, ukaniambia. "Unakimbia." "Uzi mnene umeugusa bila kukusudia." "Leo umechoka, pumzika." Je, hayo yalifanywa na vidole? Vidole tunavyo sisi, Mama, vya watu arobaini. Tunachokosa ni masikio, na daktari wako hajasema lolote kuhusu masikio.

Sitabishana zaidi. Naomba nichukue gitaa. Nitapiga ule wimbo wa kwanza uliotufundisha. Una ile kodi ya F, ambayo kidole cha shahada hulala juu ya nyuzi zote sita, na sijawahi kuipata safi hata siku moja. Nikimaliza, Mama akisema kwaheri, tutapokea, tutamshukuru, na tutakwenda zetu.

(Alipiga gitaa.)

Naam. Mmesikia wenyewe ilivyofia pale katikati. Mama Fundi anasema kitu. Tafadhali, mpelekeeni kipaza sauti. Aa, hataki. Basi sema tu, Mama, nitawarudia wasiosikia.

Anasema mwendo umetulia. Asante, Mama. Anasema kidole cha shahada kimelala chali, nikigeuze kidogo kiegemee ubavu, halafu...

Halafu nini, Mama? Malizia, tunakungoja.

Ndugu wageni waalikwa, kwa nyinyi wa nyuma msiosikia: amesema, "Halafu utume tena."

Mheshimiwa Mwenyekiti, mtu anayefunga kundi jioni hamwambii mtu atume tena. Naomba katibu aandike, tarehe kumi na sita, saa kumi kasoro dakika nane, na aliyecheka baada ya kusema aandikwe pia kwamba alicheka. Mkuu wa Shule, ukumbi wako tunakurudishia kwa wakati. Mzee wetu, tunakushukuru kwa kutuazima mkeo, na tunaomba utuongezee muda. Mke wangu, pole, gitaa linarudi nyumbani.

Mama, Alhamisi nitatuma. Nanyi nyote, asanteni kwa masikio yenu.