Mwalimu Nne na Kisanduku cha Tano

Wazee wetu, ndugu, majirani na wanafunzi wake mliokuja kutushika mkono, haya ni maisha ya mtu aliyechukia kusifiwa kupita kipimo, kwa hiyo yatasomwa yalivyo. Wengi wenu mlimjua kwa jina la Mwalimu Nne, na wapo ambao hawakujua kwamba ana jingine. Anayesoma ni kitinda mimba wake, binti wa pekee. Marehemu angetaka msikilizaji aambiwe mapema kwamba msomaji naye ni mdai katika shauri hili, maana kwa miaka ishirini na sita alitaka kujua baba yake alimweka daraja gani. Jibu alilipata, nalo limo humu.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Agosti 1948, mtoto wa tatu kati ya sita, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Mama yake alishona sare za shule. Baba yake alikuwa mpima mizigo stesheni, na wafanyabiashara walimbembeleza kila siku awapunguzie kilo mbili tatu kwenye mizani. Babu alikuwa na jibu moja tu: "Ukitaka uwe mwepesi, shusha mzigo." Marehemu alikulia ubavuni mwa mizani ile, na waliofanya naye kazi watakubali kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka.

Alianza shule ya msingi mwaka 1956. Shule ilikuwa mita mia tatu kutoka nyumbani, na bado alichelewa siku ya kwanza kwa sababu alisimama kuhesabu mabehewa. Mwaka 1967, akimaliza sekondari, yeye na wenzake sita waliomba nafasi katika chuo kikuu kilichokuwa kikichagua wachache mno. Mkuu wao wa shule, mtu mwenye moyo mweupe, aliwaandikia wote saba barua za kuwapendekeza, na kila barua ilisema huyu ndiye kijana bora kuliko wote waliowahi kupita mikononi mwake. Kisha akazituma zote saba katika bahasha moja. Chuo hakikuchukua hata mmoja. Marehemu hakuwahi kumlaumu yule mzee, lakini alisema siku ile alijifunza kwamba sifa ikigawiwa kila mtu, hakuna anayeshiba. Akaenda chuo cha ualimu, akahitimu mwaka 1970.

Aliripoti kazini tarehe 12 Januari 1971 kufundisha hesabu katika sekondari ile ile aliyosoma, akatoka hapo mwaka 2008 akiwa mstaafu. Kuanzia mwaka 1981 alipewa jukumu la kuwashauri wanafunzi wa mwaka wa mwisho waliotaka kuomba vyuo vigumu, vile vinavyopokea maombi elfu na kuchukua hamsini. Ofisi yake ilikuwa stoo ya chaki, yenye meza moja na viti viwili, kimoja kikitegemezwa kwa ratiba ya zamani iliyokunjwa. Mwanafunzi alikalishwa kwenye kile kinachoyumba. Aliulizwa alama zake, kisha akaulizwa, "Usipojua jibu, huwa unafanyaje?" Na mwisho, "Asubuhi nani anakuamsha?" Baada ya hapo marehemu alimtajia nafasi zake kwa kumi, bila kupaka asali. Aliyekuwa na mbili aliambiwa mbili, akapewa pia orodha ya vyuo vitatu ambako angekuwa na nane.

Vyuo hivyo vilileta fomu ambayo mwalimu humkadiria mwanafunzi kwa kuweka alama ya vema katika kisanduku kimoja kati ya vitano. Cha kwanza kilisema wastani. Cha nne kilisema bora. Cha tano kilisema bora kuliko wote niliopata kuwafundisha. Walimu wengine walikitumia cha tano kama chumvi. Marehemu hakukigusa. "Leo nikisema huyu ndiye," alikuwa akiuliza, "kesho akija mwingine nitamwambia nini?" Kwake cha nne kilikuwa ndiyo dari, na jina la utani likatoka hapo. Mwaka 1993 chuo kimoja kilimwandikia kwamba nne yake wanaiamini kuliko tano za wengine. Barua ile aliihifadhi ndani ya kamusi, na mgeni yeyote aliyeuliza maana ya neno lolote aliishia kuonyeshwa.

Isidhaniwe kwamba alijiona hakosei. Kila Januari, gwaride la kwanza, alisoma makosa yake ya mwaka uliopita mbele ya shule nzima. Mtoto wa mwoka mikate, aliyekuwa amepewa mbili kwa kumi, alipochukuliwa na chuo alichokiomba, marehemu alisimama akasema, "Kwa huyu nilikosea kwa nane. Mpigieni makofi yeye, mimi niacheni." Yule kijana yupo hapa leo, ana mvi, na amekuja na mikate.

Tarehe 7 Desemba 1974 alimwoa mpiga chapa wa shule. Siku alipomweleza nia yake, mama alisimamisha mashine akamuuliza, "Wewe mwenyewe unajiona una nafasi ngapi?"

"Tatu kwa kumi," akajibu.

"Ungesema saba ningekunyima," mama akasema, na akaendelea kupiga chapa. Walijaliwa wavulana wawili, na mwaka 1979 wakampata binti. Mama alitutangulia mwaka 2014, na tangu hapo marehemu alikuwa akilala upande wake mwenyewe wa kitanda, wa pili haukuguswa.

Binti alisoma shule ya baba yake na hakupendelewa hata kwa chaki. Mwaka 1997 alimaliza akiwa wa kwanza, kwa alama za hesabu ambazo shule haikuwa imeziona. Akaomba chuo kilichochukua mmoja kati ya kumi na wawili. Alikalishwa kwenye kiti kinachoyumba kama wengine, akaulizwa yale yale, akaambiwa, "Sita kwa kumi." Walimu wote walikuwa na hakika kwamba safari hii kisanduku cha tano kitafunguliwa. Mama alichapa fomu, akaacha pale pa visanduku patupu, akaiweka juu ya meza ya baba.

Mwezi Aprili chuo kilijibu hapana. Binti akaenda kwenye jalada, akaitoa nakala ya fomu, akaiona alama kwenye kisanduku cha nne.

"Baba, ungeniwekea cha tano."

"Wangesema ni mtoto wake."

"Nani angewaambia?"

Marehemu alivua miwani akaifuta muda mrefu. "Mkono ungekuwa wangu," akasema. Januari iliyofuata alisoma makosa yake kama kawaida, na alipofika kwa binti yake alisema, "Hapa sijui aliyekosea ni nani," akakunja karatasi kabla hajaimaliza.

Binti alisoma kwingine, akawa mfamasia, wala hana la kujutia katika kazi hiyo. Lakini damu nzito kuliko maji, na ndiyo maana kidonda chake huchelewa kupona. Kwa miaka kumi na sita alipiga simu nyumbani akazungumza na mama, na mwisho akasema, "Msalimie na yeye." Baada ya mama kufariki hapakuwa tena na wa kupitishia salamu, ikabidi wazungumze. Walizungumza ya paa, ya tangi la maji, ya dawa za presha. La kisanduku hakuna aliyeligusa, ingawa wote wawili walikuwa wakilizunguka kila siku.

Tarehe 3 Februari 2021 marehemu alipatwa na kiharusi kilichomnyang'anya mkono wa kulia na maneno. Binti aliomba likizo ya mwezi, kisha akaomba uhamisho, akarudi moja kwa moja. Walimtandikia kitanda sebuleni, penye dirisha linalotazama barabara ya shule, na kila asubuhi saa moja na nusu alihesabu kwa macho wanafunzi wanaopita. Binti alimwogesha, akamnyoa, akamlisha. Jioni alimwandikia hesabu kwenye kibao cha chaki, nyingine kwa makusudi zikiwa na kosa, naye aligonga kosa kwa kidole cha kushoto. Hakuna hata moja lililompita.

Mwezi Novemba 2023 alikuja muuguzi anayetembelea wagonjwa majumbani, na fomu mkononi. Mgonjwa alitakiwa kumkadiria mtu anayemhudumia, katika visanduku vitano. Binti alikuwa jikoni akichuja supu, mlango uko wazi.

"Mzee, ukishindwa nitakuwekea mwenyewe," muuguzi akasema.

Marehemu akanyoosha mkono wa kushoto kuomba kalamu. Kisha akaashiria miwani. Akavisoma visanduku vyote, kimoja kimoja, kwa muda uliomfanya muuguzi atazame saa. Ile alama aliyoiweka ilitetemeka ikatoka nje ya mstari, lakini ilianzia ndani ya kisanduku cha tano. Akamwita binti yake kwa kugonga pembe ya kitanda, akampa karatasi yeye mwenyewe.

"Usijali, dada," muuguzi akasema akikusanya vitu vyake, "wagonjwa wangu wote wanaweka hapo hapo."

Binti akasema asante. Akatoka nje kuanua nguo ambazo bado zilikuwa mbichi, na alipomaliza kulia akazianika tena.

Marehemu alifariki tarehe 9 Machi 2024, saa moja na nusu asubuhi, wakati wanafunzi wakipita. Alikuwa na miaka sabini na mitano. Homa ya mapafu ilimchukua kwa siku nne, na mkono wake wa kushoto ulikuwa ndani ya mkono wa binti yake.

Ameacha dada mmoja, ambaye bado anashona. Ameacha wana wawili, fundi umeme na dereva wa malori, pamoja na wake zao, na binti mfamasia. Ameacha wajukuu saba, akiwemo mmoja aliye mwaka wa mwisho wa sekondari, ambaye mwezi Januari aliuliza nafasi zake akaonyeshwa vidole vitano, kisha viwili. Ameacha wanafunzi wasiohesabika, ingawa yeye aliwahesabu: elfu moja mia mbili na kumi na wanne.

Wapo walioomba wasifu huu useme kwamba alikuwa baba bora kuliko wote. Marehemu asingeliruhusu neno hilo, kwa sababu msomaji amepata baba mmoja tu, na hana wa kumlinganisha naye. Basi na iandikwe hivi tu: fomu ikiletwa leo, binti ataomba miwani, atavisoma visanduku vyote vitano, kimoja kimoja, na ataweka alama anapojua yeye, mkono ukiwa wake.

Kalamu umeiweka chini, Mwalimu. Pumzika kwa amani, Baba.