Nazi ya Kizingitini

Sogeeni karibu, wanangu, kifua changu hakina tena pumzi za kupaza sauti. Ritha, mlango urudishie tu, usiufunge, nina sababu. Wewe Thobias kaa hapo chini niione mikono yako, na usichungulie uvunguni, maana panga unalolinoa tangu niliporudishwa kutoka hospitali nimelilalia mimi, liko chini ya godoro, na anayelitaka atalitoa nikishakuwa maiti. Mnataka jina la mtu aliyenipasua kichwa. Polisi walilitaka nikawaambia sikumwona. Nyinyi nitawapa, ila nitalitoa kwa wakati wangu, baada ya kunisikiliza mpaka mwisho.

Babu yenu Matonya aliacha ng'ombe wa baba yake akaenda kupasua mawe Gulwe, na mawe hayo yakaletwa hapa Dodoma kwa treni, Wahindi wakajengea hekalu lao. Michoro ilitoka kwao India, lakini mikono ilikuwa ya babu yenu. Mnara ule mnaouona mkiwa Majengo, unaopanda ukichongoka kama kichuguu, aliupanga yeye jiwe kwa jiwe. Chumba cha ndani alikijenga bila dirisha, kwa kuwa mungu wao wa kike anakaa gizani na anatazamwa kwa taa tu. Kushoto kwa mlango alichonga vita: mama huyo mwenye mikono mingi amempanda simba, amelikita mkuki shingoni jitu lenye mwili wa nyati. Babu yenu hakuwahi kumwona nyati kwa karibu, kwa hiyo alichonga dume la ng'ombe wa Kigogo, lenye nundu na pembe ndefu, ulimi nje, magoti yamekunjika, kama alivyowaona wakianguka zizini kwao. Wazee wa Kihindi walicheka mpaka machozi yakawatoka, kisha wakasema liachwe hivyo hivyo.

Kulia kwa mlango kuna vita nyingine, na hiyo ndiyo ninayotaka muishike. Maharaji, yule kuhani wao mzee, alinisimulia siku moja nikichanganya chokaa. Kulikuwa na jitu ambalo kila tone la damu yake lilipogusa ardhi, palepale lilisimama jitu jingine lenye nguvu zilezile. Walilikata mkono, uwanja ukajaa majitu. Walilikata shingo, yakawa mengi kuliko nyasi, na wale waliokuwa wakipigana wakaanza kukanyagana wenyewe kwa wenyewe. Ndipo akaja mama mweusi aitwaye Kali, akautandaza ulimi wake juu ya ardhi yote, damu ikaangukia ulimini akainywa, na jitu likakauka likiwa limesimama. Mimi ni Mkristo, mchungaji atanizika, sisemi mkaabudu ukuta. Nasema nimelipaka chokaa jiwe lile maisha yangu yote na nimelielewa juzi, nikiwa nimelala chini yake nikitokwa na damu.

Mnaijua sikukuu yao, ya kiangazi kabla ya mvua, wanapocheza usiku tisa wakigonganisha fimbo. Asubuhi ya mwisho wanavunja nazi kwenye jiwe la kizingiti. Nazi ina macho na nywele, kwao inasimama badala ya kichwa. Mtu anaipiga kwa nguvu zake zote, maji yanamwagika, na hasira yake inabaki pale. Halafu wanamkalisha ngazini mtu wa nyumba ya fundi aliyejenga, wanampaka unga mwekundu uso mzima, kwa heshima. Mwaka huu nilikuwa nimepakwa mpaka kope, hata marehemu mama yenu angenipita njiani.

Tulikuwa hivyo walipokuja. Tajiri yule anayetaka kiwanja kile ajenge ghala aliwanywesha gongo vijana walioachishwa kazi kiwanda kilipouzwa, akawapa mitaimbo, akawaambia kila kilicho cha Mhindi ni chao. Walianza na tembo waliochongwa kwenye nguzo, wakawavunja mikonga. Maharaji aliinua mkono, wakauvunja mkono. Mmoja akapanda kwenye lile dume la babu yenu, akapiga pembe mpaka ikatoka. Hapo nikasahau umri wangu, nikamrukia, akageuka na mtaimbo akanipiga hapa juu ya sikio. Nilisikia mfupa. Nilianguka kizingitini kati ya maganda ya nazi, na hospitali muuguzi alifuta na kufuta, asijue rangi inaishia wapi na damu inaanzia wapi.

Kisha wakaja watu wa sokoni kunitetea. Nasema kunitetea. Walimkamata mmoja wa wale wavunjaji, kijana Methusela, aliyeshindwa kukimbia, wakampiga mawe kwenye zile ngazi mpaka uso ukapotea, na mama yake mmemsikia wenyewe akilia. Sasa ndugu zake wanaapa kulipiza. Thobias, wewe nawe unanoa. Nikifa leo, kesho utatoka, na keshokutwa watakuja kwako, kwa wanao. Acha kusaga meno, nakusikia.

Sasa mali. Ng'ombe ni wako, Thobias, na mmoja utampelekea mama yake Methusela, umpeleke mwenyewe kwa miguu yako, usimtume mtu. Nyumba hii ni ya Ritha, na mwanamume yeyote wa ukoo asimtoe. Nyundo, patasi na timazi za Matonya nampa Sila. Mnatazamana. Mnajiuliza kwa nini apewe Sila, mdogo wenu ambaye hata hospitali hakukanyaga. Ninampa ili airudishe ile pembe. Aliivunja yeye.

Kaa chini, Thobias. Nimesema kaa.

Alimpiga mtu mwenye uso mwekundu. Hakunijua. Nilipoanguka nilimwita jina, akatupa mtaimbo, akapiga magoti akikinga damu yangu kwa viganja vyake viwili, ikimjaa, ikimwagika, anakinga tena, mpaka watu wa sokoni walipotokea nikamwambia kimbia. Nilimpenda saa ile kuliko siku aliyozaliwa. Mtoto wangu akiuawa kwa ajili yangu, na anayemuua ni mtoto wangu, nitakuwa nimezaa nini?

Ritha, maji... kidogo. Inatosha.

Kwenye kapu pale kuna nazi, Maharaji aliileta. Thobias, ichukue. Ishike, ndiyo, hivyo. Mkishanizika nendeni wote watatu kizingitini, uipige wewe, kwa nguvu zote ulizomwekea ndugu yako, usibakize. Kisha mrudi nyumbani pamoja, mle sahani moja. Yule tajiri mwacheni kwa hakimu, Maharaji atasema aliyoyaona. Mungu awape... awape watoto watakaogombana kwa maneno. Awatunzie mikono. Mikono yenu ni ya Matonya.

Nyuma ya ukuta kuna mtu amekaa tangu asubuhi. Nimemsikia akikohoa, kikohozi hicho nakijua tangu akiwa mgongoni kwa mama yenu. Ritha, chukua kitambaa... nyuma ya masikio, kwenye mikunjo, toa nyekundu yote. Imetoka?

Thobias, fungua wewe. Mwite. Mwambie... mwambie baba ameshanawa uso.