Feni ya Mashine

Kinyozi aliyekaa mbele yangu kwenye basi, aproni bado ina nywele za wateja, alikuwa amepakata feni mpya kama mtoto mgonjwa. Muuguzi aliyekaa pembeni yake akashindwa kunyamaza. "Kwa joto hili, kaka, wifi atakuombea dua."

"Si yake, dada. Ni ya mashine." Akaeleza kwamba nyumbani ana mashine ya kuchimba sarafu za mtandaoni. Inabahatisha namba usiku na mchana, ikishindana na mashine za dunia nzima, na atakayepatia huchukua zawadi yote. "Inanguruma kama kinu. Isipopozwa itaungua."

"Si uungane na wenzako, mgawane?"

"Nigawane jasho langu?" Jasho lilikuwa la mashine, lakini mimi sikuulizwa.

"Umeshapata nini?"

"Bado. Huu mwaka wa pili."

"Na wifi anasemaje?"

"Chumba chetu ni kimoja. Kelele na joto vilimshinda, akachukua watoto akahamia kwa dada yake."

"Basi izime, ukamrudishe!"

"Nikiizima, dada, je, kama dakika ileile ndiyo ilikuwa inapatia?" Alisema kwa sauti ya mtu anayeomba akatazwe.

Muuguzi hakumkataza. Alifungua dirisha. Upepo ukaingia, mapanga ya feni yakaanza kuzunguka yenyewe, yakampepea kinyozi usoni. Akafumba macho. Kisha basi likasimama kituoni, na mapanga nayo yakasimama.