Hayward Wishork na Mbayuwayu Waliohamia kwa Jirani

Marehemu Hayward Wishork alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 hapa Bok Lusa, Mississippi, mtoto wa kwanza wa mzee Amon na mama Cilla. Alisoma shule ya kabila letu la Wachokto ya hapa hapa hadi darasa la nane, akakata magogo, kisha akafanya kazi kiwanda cha nyaya za magari hadi alipostaafu mwaka 2011. Mimi mdogo wake Verdie, mnayenijua kwa kuuza vikapu, nilimhimiza sana aombe nyongeza ya mshahara. Hakuomba hata siku moja.

Alichokitaka kwa nguvu ni mbayuwayu wa rangi ya zambarau. Kila Februari alitundika vibuyu juu ya nguzo, kama baba yetu, awapokee wakirudi kutoka Brazili. Walizaa humo, wakaondoka Julai, wakarudi.

Tarehe 3 Juni 1972 alimwoa Odie Mae. Bibi harusi akagundua kwamba mumewe anatoka kitandani kabla ya jua kusikiliza ndege, kahawa inapoa mezani. Mwaka uliofuata Odie akapanda mche wa mpekani, mti mkubwa wa kokwa, karibu na ile nguzo. Mti ukakua, na mbayuwayu hawakai penye matawi, maana kozi, ndege mwindaji, hujificha humo. Wakahamia kwenye vibuyu vya Tolbert Jim, ng'ambo ya barabara.

Wivu ukamwingia Hayward, ukakaa. Alikuwa akichungulia kwa Tolbert nyuma ya pazia, na kanisani hakumpa mkono. Tolbert naye hakumwacha. Ndege wa kwanza wakishuka tu, alivuka barabara kutangaza.

"Bwana Hayward! Wapangaji wako wamefika. Wanakusalimu!"

"Wamekonda. Kwako hawashibi."

"Si ukate mti!"

"Mti wa mke wangu haukatwi. Shuka barazani kwangu."

Desemba iliyopita mapafu yalimshinda. Hospitalini Odie alimwambia, "Baba Lenora, ule mti niliupanda makusudi. Niliwaonea wivu ndege wako."

Hayward alicheka hadi akakohoa. "Mke wangu, nani anapanda mti ubavuni mwa nguzo kwa bahati mbaya? Nilijua siku ile ile."

"Na ukanyamaza?"

"Hajatokea mwingine wa kuona wivu kwa ajili yangu. Ningeukataje?"

Alifariki tarehe 9 Februari 2024. Jana mbayuwayu wa kwanza walishuka kwa Tolbert. Alivuka barabara, akasimama barazani.

"Sema tu, Tolbert," Odie alimwambia.

"Nimwambie nani?" Akarudi kwake.

Marehemu ameacha mjane, Odie Mae, watoto wawili, Lenora na Dwight, wajukuu watano, mimi mdogo wake, na Tolbert Jim, aliyekuja leo asubuhi kuomba aandikwe pamoja na ndugu. Tumemwandika.

Kaka yangu apumzike kwa amani. Huko aliko hana jirani wa kumchungulia nyuma ya pazia.